UZI: Kazi unayofanya uliifikiaje? Mimi nilianzia kusikiliza malori yakishuka Iwambi

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Umeme umekatika tangu saa tisa, baridi ya mwezi wa saba hapa Mbeya mnaijua wenyewe, gereji nimefunga mapema nimejifunika blanketi naandika kwa simu, kwahiyo mtanivumilia nikikosea kosea.

Iko hivi. Mtoto wa dada yangu yuko form two, shuleni wamepewa kazi ya kuandika unataka kuwa nani na kwa nini. Akaja kwangu kutafuta mfano, ananiuliza mjomba wewe ulianza lini kupenda breki. Aisee nilicheka mpaka nikakohoa. Nani anapenda breki? Mi nikiwa umri wake nilikuwa nataka kudakia timu ya Prisons pale uwanja wa Sokoine, basi. Nikamjibu jibu la hovyo akaenda zake, ila swali limebaki na mimi wiki nzima nikiwa chini ya magari.

Mimi ni fundi breki za malori. Fuso, Scania, semi zote hizi zinazopiga Dar Tunduma, ukiniletea tatizo la injini nakuelekeza kwa jirani.

Mzee wangu alikuwa dereva wa semi, anatoa mzigo bandarini Dar anaupeleka Zambia, safari moja unaweza usimwone nyumbani wiki tatu, foleni ya Tunduma peke yake inakula siku za kutosha. Mwaka 2001 mimi nipo darasa la sita, alikuwa kabeba mbolea. Wenyeji mnaujua ule mteremko wa Iwambi ukitoka mjini kuja Mbalizi. Breki zikachemka, zikagoma, gari likajiendea lenyewe. Mzee hakugonga mtu, alilipeleka ukingoni kwa makusudi likalala. Akavunjika mguu sehemu mbili na nyonga. Utingo wake alifia palepale. Huyo utingo alikuwa kijana wa mtaani kwetu, miaka 19, na mama yake ndo alikuja mwenyewe nyumbani kumwombea kazi, alikuja na jogoo.

Mzee hakushika usukani tena. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu, akawa anashinda barazani kwenye kigoda na mguu kaunyoosha. Usiku tunakula, tonge liko njiani kwenda mdomoni, anasimama nalo hapo hapo anasema "huyo kaachia". Maana yake dereva kaweka fri gari liserereke lenyewe abane dizeli. Linapita lingine, "huyo ana gia". Lingine, "huyo eksozi breki imekufa", yaani ile breki inayobana moshi wa injini gari lipungue. Sisi watoto tukageuza mchezo, tunabashiri kabla hajasema, mpaka namaliza la saba nilikuwa namshinda mara nyingi. Kwangu ulikuwa mchezo. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba mzee alikuwa hachezi, alikuwa anarudia ile siku kila lori likipita, na malori pale yanapita usiku kucha.

Sasa hapa ndo watu wanapenda kunimalizia stori, wanasema "ahaa kwahiyo ukaamua kuwa fundi breki ili wengine wasife". Hapana jamani. Mwenye gari alimlipa mzee mwezi mmoja akapotea, simtaji. Ada haikuwepo. Mama akanishika mkono akanipeleka kwenye gereji ya mtu waliyekuwa wanasali naye, akasema angalau ashinde sehemu anayoonekana. Ndo hivyo tu nilivyoingia kwenye ufundi, hakukuwa na wito wala ndoto, kulikuwa na mama aliyeogopa nisiwe kibaka.

Na gereji kila kijana anataka injini. Fundi injini anaheshimika, anainama anasikiliza, anatikisa kichwa, anapewa soda. Breki ni kazi ya wanafunzi, unalala kwenye tope unafungua magurudumu, unakwangua, vumbi la lainingi, ile ngozi ngumu ya breki inayosugua dramu ya gurudumu, lote puani. (Na zile lainingi za zamani zilikuwa na asbestosi, sisi tulikuwa tunapuliza na kompresa huku tunapiga stori. Vijana mlioko gereji msipulize, lowesheni kwanza ndo mfute.) Nilizichukia breki miaka mitano, sita. Nilikuwa naomba Mungu aje mwanafunzi mwingine nipandishwe kwenye injini.

Mwaka 2009 ikaletwa Fuso ina viazi vya kwenda Dar. Bosi akasema kaza ajasta iondoke, mwenye mzigo anapiga simu. Nikafungua gurudumu la nyuma, lainingi imeisha mpaka ribiti zinakula dramu. Nikatoka chini nikasema hii haishuki mteremko wa Kitonga. Sijui ule mdomo niliutoa wapi, nilikuwa dogo tu mbele ya watu wazima. Dereva alikuwa mzee wa makamo, akaniuliza we mtoto wa nani, nikamtajia. Akanyamaza. Halafu akaweka funguo juu ya meza ya bosi, akasema dogo akisema haishuki basi haishuki, akaenda kutafuta chai.

Bosi alinifukuza wiki mbili. Nilivyorudi nikakuta madereva wanauliza "yule dogo wa breki yupo?" na ndo imekuwa hivyo mpaka leo, kijiwe changu nilikifungua 2014, na injini sikuwahi kupandishwa.

Kwahiyo nikijiuliza kwa ukweli, ajali haikunipa kazi. Kazi nilipewa na njaa. Ajali ilinipa sikio, na hilo sikio lilikaa miaka nane halina matumizi yoyote mpaka siku ile ya viazi. Sasa nataka kusikia na wengine, wewe unayefanya unachofanya ulifikaje hapo, na kuna kitu cha utotoni ambacho unakiona ndani ya kazi yako? Ila stori za semina hatutaki.

Mchangiaji wa Kabwe

Mkuu stori kali ila mi naona hizi mada za kusudi ni za watu walioshiba. Nimemaliza chuo miaka minne iliyopita, uhandisi, naendesha bajaji ya mtu, hesabu ya tajiri kila siku haijali mvua wala jua. Mtu akiniuliza kusudi la maisha namwambia kodi ya nyumba. Unaposema sikio likapata matumizi, ni kwa sababu uliletewa ile Fuso, isingeletwa je? Kuna watu wana masikio kama yako wanakufa nayo.

Mleta mada

Hapo umenigusa sina cha kubisha. Isingekuja ile Fuso, au dereva angekuwa mwingine asiyemjua mzee, ningefukuzwa moja kwa moja na sasa hivi labda tungekuwa tunagombania abiria na wewe hapo Kabwe. Sikuandika kuwapa watu moyo, niliandika kwa sababu ya swali la dogo.

Dada wa Makete

Nimesoma nikasita kuandika, nimefuta mara mbili.

Mimi ni nesi. Waliokulia Makete miaka ya 90 wanajua hali ilivyokuwa, kila kilima kina makaburi mapya, nyumba nyingine wamebaki bibi na wajukuu tu. Mama aliugua nikiwa darasa la tano. Baba alishatangulia. Mimi ndo nilikuwa namgeuza, namwogesha, nampikia uji wa ulezi, naficha matandiko yasionekane na majirani kwa sababu enzi hizo watu walikuwa hawasemi jina la ugonjwa, walikuwa wanasema "ile hali". Alifariki 2003. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa bure na serikali Oktoba 2004. Huo mwaka mmoja nimeuhesabu maisha yangu yote.

Kwenye msiba kila shangazi aliyenishika kichwa alisema huyu atakuwa nesi, Mungu alikuwa anamwandaa. Nikakua na hilo neno. Sikuwahi kujiuliza nataka nini, nilikuwa nishapewa. Nikasoma, nikapata ajira, nikapangiwa wodi ya watu wazima, na nawaambia ukweli nilifanya kazi pale miaka sita nikiwa kama nimekufa. Kila mama aliyekonda kitandani ni mama yangu. Wenzangu wanatoka zamu wanacheka, mimi nafika nyumbani nakaa kwenye ndoo jikoni mpaka saa nne usiku sijawasha taa. Na Njombe yetu, mkoa wenye Makete, bado iko juu, utafiti wa taifa wa 2016 na 2017 uliikuta na maambukizi ya VVU kwenye asilimia 11 na kidogo, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi, kwahiyo wagonjwa hawakuisha, ingawa siku hizi wanameza dawa na wanaendelea na mashamba yao ya viazi kama kawaida.

Nilivyoomba kuhamia wodi ya wazazi mkubwa wangu alishangaa, akasema wewe una moyo wa wagonjwa wa muda mrefu. Nikamwambia ndo maana naomba nihame. Sasa nipo leba mwaka wa saba. Makelele, damu, kukimbia, mtu anakutukana akiwa na uchungu halafu asubuhi anakuomba umpe mtoto jina. Nalala.

Kaka mleta mada, nimependa ulivyokataa kumaliziwa stori. Na mimi sitaki mtu aniambie mama alikufa ili mimi niwe nesi. Mama alikufa kwa sababu dawa zilikuwa hazijafika.

Mleta mada

Dada pole sana. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Mkinga wa Mwanjelwa

Poleni wote, mimi niwapumzishe kidogo maana yangu haina machozi, au tuseme ina machozi ya hela tu.

Mimi sikuwa na utoto wa kunifundisha chochote. Niliitwa. Baba mdogo alikuwa na duka Mwanjelwa akatuma salamu kijijini leteni kijana, wakaangalia nani hasomi vizuri, wakanileta mimi hahaha. Miaka minne nimelala juu ya viroba vya sukari, halafu akanipa mtaji mdogo nikajitegemea na meza ya nguo pale SIDO. Wakinga wenzangu mnajua hii ndo shule yetu, hakuna anayekuuliza unapenda nini.

Agosti 2017 soko la SIDO likaungua. Niliamshwa usiku, nikafika nimevaa kandambili za mke wangu, moto unaonekana kutoka mbali, watu wanavunja milango kuokoa mali, wengine wanaokoa mali za wengine. Mzigo wangu wote ulikuwa mle. Kilichoniuma siyo moto, kilichoniuma ni kwamba wakubwa wetu wa Mwanjelwa walishaunguliwa na soko lao 2006, walitusimulia, tukasikia, na bado kwenye mstari wetu mzima wa meza hakukuwa na mtungi hata mmoja wa kuzimia moto. Hata mimi sikuwa nao. Nilikuwa na spika ya muziki.

Nilivyosimama tena nikaanza kuuza mitungi ya kuzimia moto. Watu walinicheka, wakasema Mkinga kapata pepo la moto. Mwaka wa kwanza niliuza michache, walionunua ni wale waliounguliwa, yaani wanaijua harufu. Ambaye hajaunguliwa unamweleza mpaka mate yanakauka, anakujibu Mungu yupo. Nimegundua mteja wangu siyo mwenye hela, mteja wangu ni mwenye kumbukumbu. Siku hizi nikiingia kwenye duka la mtu naangalia waya kwanza kabla ya salamu, mke wangu anaona aibu.

Je hilo ni kusudi? Sijui. Nguo zingeniletea hela haraka zaidi, hilo najua.

Mwalimu wa Mufindi

Kamweneee. Mimi nafundisha hesabu sekondari huku kwenye chai. Wazazi wangu wote walikuwa wachumaji, majani mabichi yanapimwa kwa kilo, kilo zinaandikwa kwenye kadi, mwisho wa mwezi unalipwa. Baba hakujua kusoma namba zikizidi mbili. Nikiwa la tatu akawa ananipa kadi jioni nijumlishe. Mara ya kwanza nilipata tofauti na walichomlipa, nikadhani nimekosea mimi, nikarudia mara nne kwa mkaa ukutani. Sitasema shamba lipi wala nani alikuwa na kosa, inawezekana ilikuwa ni uzembe tu wa karani. Ila uso wa baba siku ile alivyojua mwanae anaweza kuona kitu ambacho yeye hakioni, ule uso ndo ulinifanya nisiache hesabu hata zilivyokuwa ngumu. Mpaka leo nikifundisha kujumlisha desimali natumia kilo za chai, wanafunzi wa huku wanaelewa haraka kuliko mifano ya maembe ya kwenye kitabu.

Nichangie na kingine. Kuna daktari wa akili wa Vienna anaitwa Viktor Frankl, Wanazi walimfunga kwenye makambi yao kuanzia 1942 mpaka 1945, alipitishwa mpaka Auschwitz, familia yake karibu yote iliishia huko. Alikuja kuwa maarufu dunia nzima kwa kufundisha kwamba binadamu anaishi kwa kuwa na maana ya maisha. Watu wengi wanadhani hilo alifundishwa na mateso ya kambini. Lakini ukifuatilia, mwaka 1928 alishaanzisha vituo vya ushauri wa bure kwa vijana pale Vienna waliokuwa wamekata tamaa ya kuishi, na aliingia Auschwitz na maandishi ya kitabu chake ndani ya koti, wakamnyang'anya. Yaani wazo lilikuwepo kabla, kambi ilikuja kulijaribu. Kwahiyo dada wa Makete yuko sahihi kabisa. Tuna tabia ya kuyapa machungu sifa ya ualimu ambayo hayastahili.

Mchangiaji wa Kabwe

Mwalimu hiyo ya mkaa ukutani imeniingia. Mi baba alikuwa anatengeneza redio, nilikuwa nashika tochi. Labda ndo maana nilisoma umeme, sijawahi kufikiria. Bajaji yangu naifanyia waya mwenyewe na wenzangu wa kijiweni huwa wananiletea zao, nawafanyia kwa soda.

Mkinga wa Mwanjelwa

Kwa soda?? Kijana njoo dukani kwangu Jumatatu, nina wateja wanataka waya zikaguliwe na sina mtu. Nipigie inbox. Soda utajinunulia mwenyewe.

Mchangiaji wa Uyole

Hii thread imekuwa ofisi ya ajira hahaha. Mleta mada umeacha kitu. Yule mama wa utingo yuko wapi?

Mleta mada

Nilijua kuna mtu atauliza.

Yupo. Anauza ulezi na maharage sokoni Mbalizi, sasa hivi ni mtu mzima sana. Mzee wangu alifariki 2018 na katika miaka yote ile hawakuwahi kusalimiana, siyo kwa ugomvi, mzee alikuwa akimwona anapitia njia nyingine na ule mguu wake. Alikuja msibani, akakaa na akina mama wengine, akala, akaondoka. Mimi ulezi nanunua kwake, hata kama nyumbani upo. Ananipimia, anaongeza kidogo juu, nasema "ndaga fijo bibi", yaani asante sana, anasema haya. Hajawahi kuniuliza nafanya kazi gani na nina uhakika anajua, Mbalizi nzima wanajua. Nikiwa nimelala chini ya lori sifikirii habari za kuokoa dunia. Ila nikikutana na lori ambalo utingo wake ni kijana mdogo mdogo, nafungua magurudumu yote hata kama mwenye gari kalipia mawili. Hiyo naijua mwenyewe, na sasa mnaijua nyie.

Mdau wa Ilula

Mkuu samahani natoka nje ya mada. Nina Fuso nabeba vitunguu na nyanya, nikishuka Kitonga breki zinanuka na pedali inazama. Nimebadilisha lainingi mwezi wa tano. Shida nini?

Mleta mada

Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Kwanza niambie unashuka na gia ya ngapi. Gia uliyopandia ndo ushukie hiyo hiyo, na eksozi breki iwe inafanya kazi, mguu ni wa kusaidia tu. Usikanyage mfululizo kwa kupapasa, kanyaga kwa nguvu gari lipungue, achia, lipoe, rudia. Dramu ikipata moto inatanuka inaikimbia lainingi, na lainingi yenyewe ikichemka inateleza, ndo unaona hata lainingi mpya inagoma. Na kama una tabia ya kuweka fri kubana mafuta acha leo, ukiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta pampu inakata dizeli yenyewe, ukiweka fri ndo injini inabidi inywe ili isizime, kwahiyo hata hiyo dizeli hubani.

Pili ukifika chini simama sehemu salama, sogeza mkono karibu na kila gurudumu, USIGUSE. Ukikuta moja la baridi hilo halifanyi kazi, mengine yanalibebea. Utingo asimwagie maji, dramu inapasuka.

Tatu, mafuta ya breki mara ya mwisho ulibadilisha lini? Yakiwa yameingia maji yanachemka na pedali inazama hivyo hivyo unavyosema.

Mdau wa Ilula

Mafuta ya breki sijawahi badilisha tangu ninunue gari, huwa naongezea tu. Na gia ya nne.

Mleta mada

Ya nne Kitonga na vitunguu!! Kaka usipakie mzigo mwingine kabla gari halijaonekana. Una utingo?

Mdau wa Ilula

Ninaye. Mdogo wangu wa mwisho.

Mleta mada

Njooni wote wawili Jumamosi, gari tupu, mfike kabla ya saa tatu. Na yeye aje na nguo za kuchafua, nataka alale chini nimwonyeshe.